Maji ya Kisima Chako na Unyevu wa Udongo

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, mama mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu akaweka chupa ya maji juu ya meza yangu. Maji yalikuwa maangavu, hayana rangi wala harufu. Akasema, "Mwanangu, haya ni ya kisima changu. Binti yangu amejifungua, maziwa yake hayatoshi, na mtoto tunamkorogea maziwa ya unga kwa maji haya. Jirani ananiambia ati mbolea niliyotia kwenye mahindi imeingia kisimani. Kisima kina futi 45. Mbolea niliitia juu, kwa kifuniko cha soda. Itafikaje huko chini?"

Mimi ni karani wa kilimo, si mpimaji wa maji, na chupa ile ilibidi ipelekwe kwa watu wa maji. Lakini swali lake ni swali ambalo kila mwenye kisima shambani angepaswa kuuliza, na kwa kuwa nalisikia kila mwaka mvua zinaponyesha, nimeona afadhali nilijibu hapa gazetini. Habari za chupa yenyewe nitazieleza mwishoni.

Yafaa kwanza tujue kwamba mbolea na dawa hazina miguu. Hubebwa na maji. Na maji nayo hayatembei ndani ya udongo kwa namna moja siku zote. Hutembea upesi au polepole kwa kadiri ya unyevu uliomo udongoni tayari. Ndiyo sababu mbolea ile ile, kifuniko kile kile, ikitiwa leo huliwa na mahindi yote, na ikitiwa juma lijalo nusu yake hupotea.

Udongo wenye kiu, ulioshiba, na uliofurika

Ukijaza debe kwa udongo mzuri wa shamba, karibu nusu ya debe hilo si udongo, bali ni nafasi tupu. Nafasi nyingine ni kubwa, kama njia za minyoo na mizizi iliyooza. Nyingine ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Mvua ikinyesha kwa nguvu nafasi zote hujaa maji. Hapo udongo umefurika. Mvua ikikoma, maji yaliyo katika nafasi kubwa huvutwa chini kwa uzito wake, na baada ya siku mbili tatu hubaki yale ya nafasi ndogo tu, yaliyoshikwa na udongo kama maji yanavyoshikwa na kitambaa kilichoacha kudondoka. Hapo udongo umeshiba. Mimea huendelea kunywa mpaka yafike yale yaliyoshikwa sana hata mizizi haiwezi kuyang'oa, majani hunyauka. Hapo udongo una kiu.

Sasa shika neno hili, maana ndilo msingi wa somo lote. Katika udongo uliofurika maji hupita katika nafasi kubwa, kama watu wapitao barabara kuu. Katika udongo wenye kiu nafasi kubwa zina hewa, na maji hubaki kutambaa kwenye ngozi ya chembe na katika vijia vidogo. Mwendo hupungua, si mara mbili wala mara kumi, bali mara elfu na zaidi. Kwa hiyo udongo wenye kiu huyazuia maji ya mvua na yote yaliyomo ndani yake. Udongo ulioshiba hauna mahali pa kuyaweka, na kila tone linaloingia juu husukuma jingine litoke chini.

Jaribio la makopo

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba jambo lililoonwa kwa macho halisahauliki. Basi fanya jaribio hili pamoja na watoto wako siku ya Jumamosi.

Tafuta makopo mawili ya lita 2, utoboe matundu madogo kwenye vitako vyake kwa msumari, uweke kitambaa ndani ili udongo usitoke. Jaza makopo yote udongo mkavu wa shamba ulioponda. La kwanza liache hivyo. La pili limwagie maji mpaka yatoke chini, ulifunike na kuliacha mpaka kesho yake lisidondoke tena. Sasa koroga vijiko viwili vya chumvi katika lita moja ya maji. Mimina kikombe kimoja cha maji hayo katika kila kopo, polepole, na uweke bakuli chini ya kila moja.

Kopo kavu halitatoa kitu, au litatoa kidogo sana. Limekunywa. Kopo lililoshiba litadondosha karibu kikombe kizima. Lakini je, ni maji ya chumvi? Usiyaonje, maana yametoka udongoni. Weka matone yake juu ya bamba jeusi juani yakauke. Kikombe cha kwanza kitaacha alama hafifu tu. Mimina cha pili, cha tatu, na cha nne, ukikausha matone ya kila kimoja, na utaona unga mweupe wa chumvi ukizidi. Maji yaliyotoka kwanza yalikuwa ya jana, yamefukuzwa na ya leo. Hivi ndivyo maji yanavyoingia visimani: si mvua ya leo inayofika chini leo, bali mvua ya leo huisukuma ya mwaka jana, nayo huisukuma ya mwaka juzi.

Kama nyumbani kuna ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, rudia jaribio kwa kopo la tatu lililoshiba, utie matone machache ya dawa badala ya chumvi. Maji yatatoka bila rangi, na ukilichimba kopo utaikuta zambarau yote imeng'ang'ania udongo wa juu. Chumvi ilipita, zambarau ikanaswa. Mbolea na dawa za shambani nazo ziko za aina hizo mbili, na nyingi huwa katikati.

Zinazonaswa na zinazopita

Fosfeti, ile iliyomo katika mbolea ya kupandia kama DAP, hunaswa sana na udongo wetu mwekundu, hata mahindi yenyewe huhangaika kuipata. Naitrojeni ina tabia zaidi ya moja. Ikiwa katika hali ya amonia hushikwa na udongo wa mfinyanzi. Lakini vijidudu vya udongoni huigeuza amonia kuwa naitreti katika majuma machache, joto na unyevu vikiwapo, na naitreti haishikwi karibu na kitu. Ni kama ile chumvi yetu. Mbolea ya CAN ina nusu ya naitrojeni yake katika hali ya naitreti tangu ikiwa mfukoni. Urea nayo, kabla haijageuzwa, hutembea na maji vilevile.

Naitreti si adui. Ndiyo chakula cha mahindi. Lakini ikiwa katika maji ya kunywa ni hatari kwa watoto wachanga. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Marekani, Hunter Comly, aliandika habari za watoto wa mashambani huko Iowa waliogeuka rangi ya samawati midomoni na vidoleni baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima. Ndani ya mwili wa mtoto mchanga naitreti hugeuka, ikaiharibu damu isiweze kubeba hewa. Shirika la Afya la Dunia limeweka mpaka wa miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji. Na hapa nawaomba akina mama wasome mara mbili: kuchemsha hakuondoi naitreti. Kuchemsha huua vijidudu vya tumbo, na ni jambo jema, lakini naitreti hubaki sufuriani, na kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, yanayobaki huwa na naitreti kali zaidi kuliko mwanzo. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama. Ikibidi apewe ya unga, yakorogwe kwa maji yaliyopimwa.

Hesabu kidogo

Mvua ya milimita 1 juu ya meta moja ya mraba ni lita 1. Juu ya ekari nzima ni kama lita 4,000. Tuseme usiku mmoja imenyesha milimita 60. Ekari yako imepokea lita 240,000. Zimekwenda wapi?

Ikiwa udongo wako ni tifutifu wenye mfinyanzi kiasi, kina cha meta moja chaweza kuweka akiba inayokaribia milimita 150 kwa ajili ya mimea. Kama ulikuwa na kiu, milimita zote 60 zimeingia ghalani na hakuna kilichopita chini ya mizizi. Kama ulikuwa umeshiba, milimita zote 60, toa zile zilizokwenda mtoni juu ya ardhi, zimesukuma maji ya zamani. Kwa umbali gani? Udongo wa namna hii ukishiba huwa na maji kama sehemu 30 katika 100. Gawa 60 kwa 0.3, utapata milimita 200, yaani inchi 8. Naitreti iliyokuwa inchi 4 sasa iko inchi 12. Mahindi bado yaweza kuifikia. Lakini udongo wa mchanga ukishiba huwa na sehemu 10 tu katika 100. Gawa 60 kwa 0.1. Milimita 600! Mvua ile ile, usiku ule ule, imeishusha naitreti futi 2. Wakulima wa sehemu za mchanga, kama zilivyo nyingi huko pwani, na wenzao wa udongo wa majivu ya volkano kandokando ya Naivasha, wasitie mbolea yote siku moja, hata wakiwa na haraka ya namna gani.

Hesabu nyingine. Mfuko wa kilo 50 wa CAN yenye sehemu 26 katika 100 una kilo 13 za naitrojeni. Tuseme robo yake imepita chini ya mizizi. Hiyo ni kilo 3 na robo, nayo ikiwa katika hali ya naitreti ina uzito wa kilo 14 na kitu. Yatosha kufikisha lita 288,000 za maji safi kwenye ule mpaka wa miligramu 50. Ni madebe 14,400. Na fedha ulizonunulia robo hiyo ya mfuko zimekwenda chini pamoja nayo. Mimi huona wakulima wengi hujali zaidi wanaposikia habari ya fedha, wala siwalaumu.

Mvua za kwanza

Watu wengi hudhani hatari iko katikati ya masika tu. Sivyo. Hapo Muguga, karibu na Nairobi, mtaalamu mmoja wa udongo aitwaye Birch alichunguza jambo ambalo wazee walilijua kwa macho: kwamba mazao yaliyopandwa mapema hukua kwa nguvu kupita yale ya kuchelewa. Mwaka 1958 alitoa maandishi yake. Alionyesha kwamba udongo uliokauka sana ukipata maji, vijidudu huamka kwa ghafula, huozesha mboji upesi, na kutoa naitrojeni nyingi kwa siku chache. Kadiri ukavu ulivyokuwa mkali na mrefu, ndivyo naitrojeni inavyozidi. Wataalamu wa nchi nyingi hata leo huliita jambo hilo kwa jina la Birch.

Sasa fikiri. Naitreti hiyo hutokea wakati shamba ni tupu, hakuna mzizi wa kuila. Siku za kwanza haina neno, maana udongo wa chini bado una kiu na maji hayashuki mbali. Lakini mvua ikiendelea majuma matatu, udongo ukashiba, naitreti yote huanza safari. Aliyepanda mapema mahindi yake yameikuta. Aliyengoja trekta ya jirani mpaka Mei ameipoteza, halafu hununua nyingine dukani ili kuziba pengo. Katika miaka ya 1990 wachunguzi waliofanya kazi magharibi ya Kenya walichimba chini ya mahindi wakakuta akiba ya naitreti iliyozama zaidi ya mizizi ya mahindi inavyofika. Miti ya sesbania iliyopandwa shambani iliifikia ikairudisha juu. Udongo mwekundu wa huko una bahati kwamba tabaka zake za chini huichelewesha naitreti kidogo. Mchanga hauna huruma hiyo.

Nyufa

Nimesema udongo mkavu huzuia maji. Karibu kila sheria ina mlango wa nyuma, na mlango wa hii ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Mwea na Kano na mbuga za Athi. Ukikauka hupasuka, na mkono wote huingia katika ufa. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha juu ya udongo huo, maji hayangoji kunywewa. Hutumbukia katika ufa na kufika futi 3 au 4 kwa muda mfupi, yakibeba chochote kilichokuwa juu: mbolea, dawa ya magugu, mkojo wa ng'ombe. Hata ile dawa ya namna ya zambarau, ambayo kwa kawaida hunaswa, hupita, kwa sababu haikupewa nafasi ya kugusana na udongo. Baadaye udongo huvimba, nyufa hufunga, na mlango umefungwa. Kwa hiyo katika udongo mweusi hatari ni siku za kwanza, na katika mchanga hatari ni siku za mwisho. Njia za mchwa na fuko hufanya kazi kama nyufa katika udongo wowote. Mwenye udongo mweusi alime juujuu kwa jembe kabla ya mvua ili avunje midomo ya nyufa, na asitupe mbolea juu ya ardhi iliyopasuka.

Katika sehemu za Kinangop kuna habari nyingine. Juu kuna udongo mwepesi, na chini yake tabaka gumu la mfinyanzi lisilopitisha maji upesi. Maji hukaa juu yake kama juu ya sahani, kisha huteremka kwa upande kufuata mteremko. Wewe huenda usidhuru kisima chako, ukadhuru cha aliye chini yako.

Habari ya viazi vya Long Island

Dawa za wadudu na magugu hufuata sheria zile zile. Dawa ikiwa katika udongo wa juu, wenye joto, mboji na unyevu wa kadiri, vijidudu huila na kuimaliza. Udongo ukikauka sana vijidudu hulala, na dawa hungoja pamoja nao. Tena katika udongo mkavu dawa nyingi hushikwa kwa nguvu zaidi. Mvua ikija, maji hugombania nafasi na dawa juu ya chembe za udongo, na sehemu ya dawa huachiliwa. Ikisha kupita chini ya mizizi, huko kuna baridi na vijidudu vichache, yaweza kukaa miaka.

Long Island ni kisiwa karibu na mji wa New York, chenye udongo wa mchanga na wakulima wa viazi. Miaka ya 1970 walianza kutumia dawa ya wadudu iitwayo aldikabu, inayotiwa udongoni na kunyonywa na mmea. Huyeyuka upesi majini. Ilitazamiwa kwamba itaisha udongoni. Mwaka 1979 ilikutwa visimani. Mchanga, mvua, na maji ya chini yaliyo baridi na yenye uchachu viliikimbiza na kuihifadhi, na uuzaji wake kisiwani humo ukasimamishwa. Huko Ulaya, dawa ya magugu ya mahindi iitwayo atrazini ilikutwa mara nyingi katika maji ya chini ya ardhi, na mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mashambani. Sisemi haya kuwatisha wakulima wa viazi wa Nyandarua. Nasema kwamba maneno "huisha udongoni" kwenye karatasi ya dawa yana sharti lisiloandikwa: huisha ikipewa muda, na anayeupa au kuunyima muda huo ni unyevu.

Maji ya kusuuza bomba la kupulizia ni jambo ambalo hunikasirisha, nasema wazi. Mtu hupima dawa kwa uangalifu kwa ekari nzima, halafu husuuza bomba mahali pale pale kila mara, kando ya kisima, penye matope siku zote. Udongo uliofurika, dawa kali, hatua tano kutoka majini. Masuuzo yapulizwe juu ya mistari ya mimea ile ile uliyoinyunyizia.

Majosho ya zamani

Hili lahusu skimu hasa. Mashamba mengi yaliyogawanywa kwa wakulima tangu 1962, katika mpango wa ekari milioni moja, yalikuwa na majosho ya ng'ombe ya walowezi. Zamani, kabla ya dawa za siku hizi, kupe waliuawa kwa aseniki. Aseniki ni madini. Haiozi wala hailiwi na vijidudu. Iliyomwagika miaka 80 iliyopita ingali pale. Katika udongo mwekundu wenye hewa hushikwa imara na kutu ya chuma iliyomo udongoni. Lakini mahali hapo pakifurika maji kwa majuma mengi, hewa huisha, kutu ile huyeyuka, na aseniki hufunguliwa kwenda na maji. Ni jambo lilo hilo lililoharibu visima vingi vya Bangladesh, ingawa kule aseniki ilikuwa ya asili katika mchanga wa mito. Basi kama katika ploti yako kuna shimo la saruji la josho la kale, usichimbe kisima chini yake, usipande mboga penye shimo la kumwagia dawa, wala usielekeze mfereji wa maji ya mvua hapo. Uliza wazee palipokuwa na josho hata kama saruji imekwisha kuvunjwa.

Kuupima unyevu kwa mkono

Huhitaji chombo. Chimba kwa jembe hadi inchi 6, kisha mahali pengine hadi futi 2. Chukua udongo wa kila kina, uufinye kiganjani. Ukivunjika kama unga, una kiu: usitie mbolea ya kukuzia, maana itakaa tu juani, ngoja mvua. Ukifanya donge bila kulowesha kiganja, ni wakati mzuri. Ukiacha kiganja kimelowa au maji yakitoka kati ya vidole, ngoja siku mbili tatu. Na udongo wa futi 2 ndio shahidi wa kweli. Ukiwa huo bado ni mkavu kidogo, una ghala ya akiba chini ya mbolea yako. Ukiwa umelowa kabisa, kila mvua kubwa itakayokuja itasukuma.

Mimi mwenyewe nilikosa. Mwaka mmoja mifuko ilichelewa kufika, na siku iliyofika mvua ilikuwa imenyesha majuma mawili mfululizo. Nilijua yote niliyoandika hapa. Hata hivyo nilitia CAN yote kwa siku moja, kwa kuwa nilikuwa na likizo ya siku moja. Usiku ule ilinyesha tena. Baada ya majuma mawili mahindi yangu yalikuwa ya manjano tangu ncha za majani ya chini, na jirani asiyejua kusoma, aliyetia nusu tu na kuweka nusu, alipita akanipa pole.

Afadhali kugawa: sehemu moja mahindi yakiwa ya magotini, na sehemu ya pili kabla hayajatoa mbelewele. Funika mbolea kwa udongo. Tia samadi na mabaki ya mimea, maana mboji huongeza akiba ya maji na kunasa dawa. Baada ya kuvuna usiache shamba tupu kama mvua za vuli zinakuja. Maharagwe, au hata magugu kwa muda, hushika naitreti kuliko ardhi iliyo wazi.

Chupa ya yule mama

Majibu yalikuja: naitreti ilikuwa juu ya mpaka. Mtoto alikuwa mzima, na tangu siku ile ya kwanza walikuwa wakichota maji ya tangi la mvua kwa ajili yake. Bwana Shamba alikwenda kutazama. Mahindi yalikuwa mbali kidogo na kisima, mbolea imetiwa kwa kiasi. Lakini zizi la ng'ombe lilikuwa upande wa juu, hatua 15 tu, samadi ya miaka mingi imerundikana, inakauka kiangazi na kulowa kila masika, na ukuta wa kisima ulikuwa umejengwa kwa mawe bila saruji futi chache za juu. Jirani alikuwa amelaumu mbolea ya mfuko, na mbolea iliyokuwa ikishuka zaidi ilikuwa ya ng'ombe.

Zizi lilihamishwa upande wa chini, mbali zaidi ya futi 100. Hakuliacha hivyo, maana zizi lililoachwa na samadi yake huvuja kuliko linalotumiwa. Samadi yote ilikwanguliwa ikapelekwa shambani kabla ya kupanda, na mahali pale pakapandwa matete, yenye mizizi mirefu na njaa kubwa ya naitrojeni. Ukuta wa kisima ulipigwa saruji futi 10 za juu, na kuzungukwa na sakafu inayomwaga maji nje.

Ukitaka kupeleka maji yako kupimwa, uliza ofisi ya maji ya kaunti kwanza wakupe chupa yao na wakwambie siku ya kuleta. Chota mara mbili: mwishoni mwa kiangazi, na tena majuma machache baada ya mvua kubwa, maana kipimo kimoja hakionyeshi kama naitreti inakuja na mvua. Teka ndoo kadhaa umwage kabla ya kujaza chupa. Jaza hadi juu, weka mahali pa baridi na giza, na ifike siku ile ile kama iwezekanavyo. Andika jina, namba ya ploti, kina cha kisima, na siku mvua ya mwisho iliponyesha. Yule mama alileta chupa ya pili baada ya mwaka mmoja. Naitreti ilikuwa imepungua, lakini bado ilikuwa juu ya 50, kwa kuwa maji ya miaka ya nyuma yalikuwa yangali njiani kushuka. Mtoto bado anapewa ya tangi.